Mti wa Lillö na Hesabu ya Mafungu Matatu

Leo twaanza mazungumzo yetu kwa kitu kidogo ambacho hakikosekani katika nyumba nyingi, yaani kijiti cha kibiriti. Kitu hicho ni duni machoni pa watu. Kikisha kuwaka hutupwa chini, wala hakuna akikumbukaye tena. Lakini kijiti hicho ndicho kitakachotuongoza leo mpaka katika habari ya maarifa makubwa, nayo ni habari ya watu waliojaribu kuikuza miti ya msitu kwa kuongeza hesabu ya nyuzi za urithi zilizomo ndani yake.

Watu wa Uswidi, nchi iliyo kaskazini mwa Ulaya, walikuwa mafundi wa viberiti tangu zamani. Katika mji wa Jönköping ndugu wawili wa ukoo wa Lundström walianzisha kiwanda mwaka wa 1845, na viberiti vya Uswidi vikaenea katika nchi nyingi za dunia. Mti walioupenda kwa kazi hiyo ni aspeni, ulio wa jamaa moja na mti uitwao mlubna. Majani yake ni ya mviringo, na vikonyo vyake ni virefu na bapa. Kwa hiyo hutetemeka hata upepo ukiwa mdogo kabisa. Ubao wake ni mweupe na laini, hauna utomvu wa kunata, nao hunywa nta vizuri, hata kijiti kikiwashwa moto wake huenda polepole bila kuruka.

Walakini wenye viwanda walikuwa na taabu moja: aspeni nzuri ilikuwa haba. Wenye misitu waliona faida zaidi katika misonobari, na aspeni wakaihesabu kama gugu. Tena walikuwa na sababu, maana aspeni huhifadhi ugonjwa mmoja wa kutu unaopinda machipukizi ya misonobari michanga. Basi aspeni ikakatwa na kung'olewa, na viwanda vikalazimika kununua magogo katika nchi za mashariki, kama Urusi. Kila mtu ajua ya kuwa anayetegemea shamba la jirani hana amani, kwa sababu siku ya ugomvi njia hufungwa. Kwa hiyo watu wa Uswidi walitamani sana kupata aspeni ikuayo upesi katika ardhi yao wenyewe.

Wakati huo palikuwa na mtaalamu mmoja, jina lake Herman Nilsson-Ehle, aliyezaliwa mwaka wa 1873. Alikuwa mwalimu mkuu katika chuo cha Lund, tena alikuwa mkuu wa kituo cha mbegu cha Svalöf tangu mwaka wa 1925 hata mwaka wa 1939. Kazi yake kubwa ilikuwa ngano na nafaka nyingine. Alionyesha ya kuwa rangi ya punje ya ngano haitoki katika sababu moja tu, bali hutoka katika sababu kadhaa za urithi zinazofanya kazi pamoja. Basi mtu huyu hakuwa mtu wa misitu, lakini jicho lake lilikuwa limezoea kutazama mimea na kuuliza kwa nini mmoja hutofautiana na wenzake.

Mwaka wa 1935, katika jimbo la Skåne, kusini mwa Uswidi, mahali paitwapo Lillö, palionekana kundi la aspeni zenye majani makubwa ajabu. Mtu mwingine angalisema, "Labda udongo wa hapa una rutuba," naye angalikwenda zake. Bwana Nilsson-Ehle hakuridhika na jibu hilo. Aliwaza ya kuwa ukubwa huo huenda ukatoka ndani ya mti wenyewe. Akauandikia habari mwaka wa 1936 na kuuita kwa jina lenye maana ya jitu. Mtaalamu mwenzake, Arne Müntzing, akachukua sehemu changa za mti huo akazichungua kwa hadubini. Alipohesabu nyuzi zilizomo ndani ya chembe zake, hakupata 38 kama ilivyo kawaida ya aspeni. Alipata 57.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo ili tueleze maana ya hesabu hizo, kwa kuwa asiyezielewa hataelewa yaliyofuata.

Kila kitu chenye uhai kimejengwa kwa chembe ndogo sana, kama nyumba inavyojengwa kwa matofali. Ndani ya chembe mna kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi fupi fupi ambazo wataalamu huziita kromosomu. Nyuzi hizo ndizo zichukuazo urithi, yaani umbo la jani, rangi ya ua, urefu wa shina, na nguvu ya kushindana na ugonjwa. Kila aina ina hesabu yake. Mhindi una kromosomu 20, binadamu ana 46, na aspeni ina 38. Hesabu hizo ni za mafungu mawili: fungu moja latoka kwa baba, na fungu moja latoka kwa mama. Katika aspeni fungu moja ni kromosomu 19. Chavua ya mti dume huleta 19, yai la mti jike hutoa 19, na mche unaozaliwa huwa na 38.

Lakini mara chache kazi ya kugawanya hukosea. Chavua au yai huondoka na mafungu mawili badala ya moja. Basi 38 zikikutana na 19, mtoto hupata 57, yaani mafungu matatu. Ndivyo ulivyokuwa mti wa Lillö. Haukupewa na mtu, wala haukutengenezwa katika chumba cha majaribio. Ulizaliwa porini kwa kosa la bahati, na kwa kuwa aspeni huchipuka tena katika mizizi yake, mti mmoja ukawa kundi zima lenye urithi ule ule.

Wengine watauliza, Kwa nini mafungu matatu yaufanye mti kuwa jitu? Jibu ni kwamba kiini chenye nyuzi nyingi huhitaji chembe kubwa zaidi. Chembe zikiwa kubwa, jani huwa pana na nene, vitundu vya kupumulia vya jani huwa vikubwa, na nyuzi za ubao huwa ndefu. Jambo hili la mwisho lilikuja kuwapendeza sana watengenezaji wa karatasi, kwa sababu karatasi iliyotengenezwa kwa nyuzi ndefu haipasuki upesi.

Tusifikiri kwamba Bwana Nilsson-Ehle aliota jambo hili bila msingi. Kabla yake, huko Uholanzi, Hugo de Vries alikuwa ameona katika maua yake ya bustani mmea mmoja uliowazidi wenzake kwa unene na ukubwa. Mwaka wa 1907 Bibi Anne Lutz wa Marekani alihesabu kromosomu za mmea wa namna hiyo, akakuta 28 mahali pa 14. Hivyo wenye elimu ya mimea walikwisha kujua ya kuwa ukubwa wa ghafula waweza kuwa dalili ya mafungu kuongezeka. Mti wa Lillö uliwapa neno jipya, kwamba hata katika msitu, miongoni mwa miti ya kukata magogo, jambo hilo hutokea.

Habari zilipotangazwa, watu walianza kutafuta aspeni nyingine zenye majani makubwa, na kadhaa zikaonekana katika sehemu mbalimbali za Uswidi. Mwaka ule ule wa 1936 chama kiliundwa kwa ajili ya kuboresha miti ya msitu kwa njia ya urithi, na kituo chake kikawa Ekebo, katika jimbo lile lile la Skåne. Mtaalamu mmoja wa hapo, Helge Johnsson, alitumia miaka mingi kuhesabu kromosomu za aspeni na kuzipandisha moja kwa nyingine.

Sasa tazameni hesabu yao, maana mwanafunzi wa shule aweza kuifanya juu ya mchanga. Walitaka miti mingi ya mafungu matatu. Wangewezaje kuipata? Kungojea kosa la porini ni kama kungojea embe lianguke mdomoni. Walifikiri hivi: kama tukipata mti wa mafungu manne, wenye kromosomu 76, chavua yake itakuwa na nusu, yaani 38. Tukiipandisha katika mti wa kawaida, wenye yai la 19, watoto wote watakuwa na 57. Kwa njia hiyo mtu aweza kuzaa majitu kwa mamia, si mmoja mmoja. Basi kazi yote ikasimama juu ya jambo moja, nalo ni kuupata huo mti wa mafungu manne.

Wakati huo huo dawa ilipatikana ng'ambo ya bahari. Mwaka wa 1937, huko Marekani, Albert Blakeslee na Amos Avery walitangaza ya kuwa dawa iitwayo kolchisini yaweza kuongeza mafungu ya kromosomu katika mimea. Dawa hiyo hutoka katika ua moja la Ulaya, nalo lina sumu kali. Waganga wa zamani walilitumia kwa ugonjwa wa jongo. Ikiwekwa juu ya mbegu au chipukizi, dawa hiyo huzuia nyuzi zilizokwisha kuwa maradufu zisitengane, na chembe hubaki na mafungu maradufu. Bwana Blakeslee alikuwa amefanya kazi ya miaka mingi juu ya mnanaha, ule mmea wenye matunda ya miiba tunaowakataza watoto wasiuguse.

Habari ya kolchisini ilileta furaha kubwa. Wataalamu wa misitu wa nchi nyingi walichukua mbegu za misonobari, za mibechi na za miti mingine, wakazitia dawa, wakangoja. Wengi walidhani ya kuwa sasa msitu wo wote waweza kufanywa msitu wa majitu. Kama fungu la tatu limeleta ukubwa, je, la nne halitaleta ukubwa zaidi?

Basi, ndugu, hapa ndipo maarifa yalipowafundisha adabu. Miche ya misonobari yenye mafungu manne ilitoka na majani mafupi na manene, ikawa mizito ya kukua, na mingi ikadumaa. Waliongeza nyuzi, lakini hawakuongeza mbao. Chembe zilikuwa kubwa kweli, lakini ziligawanyika polepole. Na mti hukua kwa wingi wa chembe pamoja na ukubwa wake. Mtu akijenga nyumba kwa matofali makubwa, lakini aweka tofali moja kwa siku, jirani yake mwenye matofali madogo atatangulia kuezeka.

Hata katika aspeni yenyewe, fungu la tatu peke yake halikushinda mashindano yote. Huko Uswidi, mwaka wa 1939, walikuwa wameanza pia kupandisha aspeni ya kwao na aspeni ya Marekani. Chotara hao walikuwa na mafungu mawili tu kama kawaida, lakini walikua kwa nguvu sana. Miaka ilipopita, watu walielewa ya kuwa kilicho muhimu si hesabu ya mafungu peke yake, bali ni ubora wa urithi uliomo ndani ya kila fungu. Vitabu vitatu vibaya havimzidi mwalimu mwenye vitabu viwili vizuri. Walioendelea vema zaidi ni wale walioyaunganisha maarifa yote mawili, yaani walichagua wazazi wa damu njema kwanza, kisha wakatafuta mafungu matatu kwa wazazi hao. Kwa njia hiyo Ujerumani ilipata aspeni chotara ya mafungu matatu iliyopandwa katika mashamba. Huko China nako, tangu miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo cha Misitu cha Beijing walitokeza mlubna mweupe wa mafungu matatu, nao umepandwa kwa ajili ya viwanda vya karatasi.

Jambo la pili walilojifunza ni kwamba uumbaji uliwatangulia. Mti mrefu kuliko miti yote duniani, mti mwekundu wa pwani ya California, upitao meta 110, una mafungu sita, yaani kromosomu 66. Wenzake wa jamaa ile wana 22 tu. Katika Ulaya ya kaskazini mna mibechi ya aina mbili iotayo katika nchi ile ile, mmoja una kromosomu 28 na wa pili una 56. Tena katika jimbo la Utah, Marekani, liko kundi moja la aspeni lililopewa jina la Pando. Latanda juu ya hekta 43 hivi, lina vigogo zaidi ya 40,000, na vigogo hivyo vyote ni mti mmoja uliochipuka katika mizizi. Wataalamu walipochungua urithi wake waliona una mafungu matatu, sawa na mti wa Lillö.

Labda wengine miongoni mwenu wanasema, "Haya ni mambo ya nchi za baridi. Sisi yatuhusu nini?" Twawajibu: nendeni nyuma ya nyumba zenu mkatazame. Kahawa ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za Kenya, ile iitwayo arabika, ina kromosomu 44, yaani mafungu manne. Kahawa ya robusta, iliyo asili katika misitu ya Uganda na Kongo, ina 22. Kwa sababu ya tofauti hiyo, kahawa hizi mbili hazipandishwi moja kwa nyingine kwa urahisi. Na mgomba wa Buganda, wa Bukoba na wa nchi zote zizungukazo Ziwa Viktoria, ule unaotupa ndizi za kupika, una kromosomu 33. Fungu moja la mgomba ni 11. Basi fanyeni hesabu. Mgomba wetu ni ndugu wa mti wa Lillö kwa mafungu matatu.

Ndiyo sababu ndizi hizo hazina mbegu. Nyuzi za urithi, wakati wa kufanya chavua na mayai, hupangwa jozi jozi, kama ng'ombe wa plau wafungwavyo nira wawili wawili. Mafungu yakiwa mawili, kila mmoja ana mwenzake. Yakiwa manne, zapatikana nira mbili, na kazi huweza kwenda. Lakini yakiwa matatu, ng'ombe mmoja hana mwenzi. Huvuta huku na huku, na mtaro wa plau hupinda. Kwa hiyo mmea wa mafungu matatu huwa karibu na tasa. Babu zetu hawakujua hesabu ya kromosomu, lakini waliona ya kuwa mgomba huo hauna mbegu ya kusumbua meno, wakachukua machipukizi, wakayapanda, wakayagawia majirani. Walichagua vema kwa macho na kwa ulimi.

Hapa twafika mahali palipo na faida na hatari pamoja, nasi twaomba msikilize kwa makini.

Faida ya utasa yaonekana katika mti wa muwati. Mti huu asili yake ni Australia ya kusini mashariki. Ulipelekwa Natal, Afrika Kusini, mwaka wa 1864, kisha ukafika Kenya, na mwaka wa 1949 kampuni ikaanzishwa kuupanda Njombe. Gamba lake hutumiwa kutengenezea ngozi, na kuni zake ni nzuri. Lakini mbegu zake ni nyingi mno, zakaa ardhini miaka mingi, na huko Afrika Kusini mti huu umevamia mabonde na kingo za mito na kunywa maji ya watu. Wataalamu wa Pietermaritzburg, ambako kituo cha utafiti wa muwati kilianzishwa mwaka wa 1947, waliona ya kuwa hesabu ya Uswidi yaweza kuwafaa. Muwati wa kawaida una kromosomu 26. Walitumia kolchisini wakapata wa 52, wakajaribu kuupandisha na wa kawaida ili wapate wa 39, usiozaa mbegu. Njia ilikuwa ngumu, maana miche ya mafungu matatu iliyopatikana ilikuwa michache sana. Hata hivyo shabaha yao ilikuwa njema, yaani mti umfaao mwenye shamba wala usimdhuru jirani yake.

Hatari yenyewe ni hii. Mmea usiozaa mbegu huenezwa kwa vipande vya mwili wake, kwa hiyo watoto wote ni mmoja. Shamba la miti elfu moja ni mti mmoja uliosimama mara elfu moja. Ugonjwa ukipata mlango wa kuingilia katika mmoja, umepata mlango wa wote. Kulikuwa na ndizi iitwayo Gros Michel, nayo ni ya mafungu matatu, iliyopandwa katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo. Ukungu wa udongoni uliingia katika mizizi yake, ukaharibu shamba baada ya shamba, hata kufikia miaka ya 1960 biashara ikaiacha ndizi hiyo na kushika nyingine. Kwetu nako, mwaka wa 2001, ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Uganda, kisha ukavuka mipaka mpaka nchi za jirani. Wengi katika nchi za Ziwa walishuhudia migomba ya wazee ikioza kutoka mkunguni hata shinani, na nyumba iliyokuwa na chakula mwaka mzima ikalazimika kununua unga.

Mtu angeweza kusema, "Basi, tuzae migomba mipya yenye nguvu." Lakini utamzalishaje aliye tasa? Jibu limepatikana kwa subira, na njia yake ni ile ile tuliyoiona Uswidi. Huko Kawanda, Uganda, wataalamu hupaka chavua ya ndizi ya porini, iliyo na nguvu ya kushindana na ugonjwa wa madoa meusi ya majani, juu ya maua ya migomba ya kupika ambayo bado ina uwezo kidogo wa kuzaa. Hutafuta mbegu katika mikungu mingi na kupata chache. Katika chache hizo huonekana miche yenye kromosomu 44, yaani 33 za mama na 11 za baba. Hiyo nayo hupandishwa na migomba ya 22, na watoto huwa na 33, hesabu ile ile ya mgomba wa nyumbani. Huu ndio mzunguko mzima, tatu kwenda nne, na nne kurudi tatu. Kazi hiyo imechukua zaidi ya miaka 20, maana kila hatua sharti ingojewe ardhini, kisha mkungu upikwe na kuonjwa. Mgomba ushindao ugonjwa lakini usiopendeza mdomoni, wenye nyumba hawaukubali, nao wana haki.

Sasa tukusanye maneno yetu. Bwana Nilsson-Ehle alikufa mwaka wa 1949, miaka 14 tu baada ya mti wa Lillö kuonekana. Hakuona majitu yakijaza misitu ya Uswidi, wala hayakuijaza. Lakini swali alilouliza mbele ya jani kubwa limefika mbali kuliko mti wenyewe. Limefika kwenye mashamba ya karatasi ya China, kwenye muwati wa Natal, na kwa njia ya elimu ile ile, limekaribia migomba yetu.

Twajifunza mambo matatu katika habari hii. La kwanza, anayetazama kwa makini hupata. Aspeni ya Lillö ilikuwa imesimama hapo miaka mingi kabla ya kuulizwa habari zake. Ninyi nanyi, wakulima na wanafunzi, mkiona shambani mmea mmoja uliotofautiana na wenzake kwa jani, kwa unene au kwa nguvu, msiung'oe upesi. Utieni alama, mwoneshe bwana shamba. La pili, wingi si ubora. Waliodhani ya kuwa kila fungu likiongezwa mti utaongezeka, walivuna misonobari iliyodumaa. La tatu, msiweke chakula chote cha nyumba katika mmea mmoja wa damu moja, hata ukiwa mzuri namna gani. Mzee aliyepanda migomba ya aina saba katika shamba moja, hii ya kupika, hii ya kuiva, hii ya pombe, hakuwa mshamba. Siku ugonjwa ulipokuja, yeye alibaki na mkungu.

Nanyi jioni hii mtakapowasha taa au moto wa jikoni, kitazameni kile kijiti kabla hakijaungua. Kisha nendeni mkatazame migomba nyuma ya nyumba, mhesabu mna aina ngapi.